Kiti cha Nyuma Kilikuwa Kitupu

Wiki iliyopita mliniacha kwenye dirisha la dawa, mkono mmoja nimeshika kiuno, mwingine nimeunyoosha kupokea vidonge.

Kwa aliyekuwa hayupo: mimi ni mwalimu wa udereva. Wanafunzi wameniita Mwalimu Breki, kwa sababu hilo ndilo neno ninalolipigia kelele kutwa nzima. Siku ile nilimwambia mwanafunzi mmoja, karani wa benki, "breki" yeye akakanyaga mafuta, tukaukumbatia ukuta wa nyumba ya watu. Yeye hakupata hata mchubuko. Mimi mgongo ukagoma. Daktari akaniandikia dawa ya kulegeza misuli.

Mfamasia, dada mmoja mpole wa miwani, aliniuliza kabla hajaniachia pakiti.

"Unafanya kazi gani, kaka?"

"Nafundisha watu kuendesha gari."

Akairudisha pakiti kwake.

"Basi sikiliza. Hii italegeza mgongo, lakini na kichwa pia. Utasinzia. Ukiwa unaitumia usiendeshe gari. Na pombe usiiguse kabisa."

"Hata bia moja?"

"Hata nusu. Pombe na dawa hii vikikutana mwilini havijumlishwi, vinazidishana. Mtu anaweza kutembea, anaongea, macho yako wazi, lakini mwenyewe hayupo."

Nilicheka. Nikamwambia mimi nimekunywa bia kabla yeye hajazaliwa. Hakucheka. Akanipa pakiti yangu, nikaondoka.

Nyumbani sikumwambia mke wangu lolote kuhusu hayo. Mke wangu ni msusi, ana saluni yake ndogo mtaa wa pili, na ana tabia ya kufuata maagizo ya daktari kuliko daktari mwenyewe. Ningemwambia, angeninyang'anya ufunguo wa gari, na mimi kazi yangu ni gari.

Siku chache zikapita salama. Nikimeza usiku nalala kama gogo. Asubuhi nafundisha, jicho zito kidogo, lakini nafundisha. Nikajiona mjanja.

Ikafika Jumapili.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa amepandishwa cheo kazini. Akaita watu kwake mchana, kula na kunywa kidogo. Mama mkwe wangu alikuwa anakaa kwake, na siku hiyo ilikuwa ahamie kwetu kwa muda, maana kliniki yake ya macho iko karibu na sisi. Mke wangu alikuwa na wateja mpaka jioni.

"Mwenzangu," akaniambia asubuhi, "nenda kaniwakilishe. Ukirudi, rudi na mama. Na usimkimbize na gari lako, yule ni mtu mzima."

"Mama yako nitambeba kama yai," nikamjibu.

Viti vya shemeji vilikuwa vile vya plastiki, visivyo na huruma. Nilipomaliza kula, mgongo ulikuwa unawaka. Nikaingia chooni nikameza kidonge. Kikachelewa kufanya kazi, nikaongeza kingine.

Nilipotoka, shemeji akaniwekea chupa mbele.

"Shemeji, leo kidogo," nikamwambia. "Natumia dawa."

"Dawa ya nini?"

"Mgongo."

"Ah! Ya mgongo si ya tumbo. Bia inakwenda tumboni, shemeji, mgongoni itafikaje?"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Nikanywa.

Ile ya kwanza ilishuka vizuri sana. Maumivu yakaniaga. Nikawa mtu wa utani, nasimulia habari za karani na ukuta, watu wanashika mbavu. Ya pili ililetwa nikiwa katikati ya hadithi, wala sikumbuki niliimaliza saa ngapi.

Mama mkwe alikuwa amekaa upande wa pili, mkoba wake magotini, tayari kwa safari. Yeye hagusi pombe tangu azaliwe. Tulipotoka kwenda kwenye gari akaniangalia usoni.

"Baba, macho yako yamelegea."

"Ni jua tu, mama."

"Hatuwezi kungoja lipoe?"

"Mama, mimi ndiye ninayewafundisha wengine."

Hakubishana. Mkwe na mkwe tuna heshima yetu, hatubishani. Kiti cha mbele kilikuwa wazi, lakini kama kawaida yake akafungua mlango wa nyuma. Kabla hajaingia akachungulia mbele.

"Hicho cha kukanyaga upande wa abiria ni cha nini?"

"Breki ya pili, mama. Ya mwalimu. Mwanafunzi akipotea, mimi namalizia."

"Aha," akasema. Akakaa nyuma, akafunga mkanda.

Naikumbuka barabara ya kwanza. Naukumbuka mzunguko wa sokoni, na basi moja lililonipigia honi ndefu nikajiuliza linampigia nani. Nakumbuka sauti yake nyuma yangu, ya chini kabisa:

"Baba, simama kidogo."

Baada ya hapo hakuna kitu.

Sisemi nilisinzia. Usingizi mtu anaujua, unaanza na unaisha. Hiki kilikuwa kama mtu amekata kipande cha siku kwa mkasi akaondoka nacho.

Nilichoona baada ya hapo ni geti la nyumbani kwangu. Nimesimama nje ya gari, ufunguo mkononi, jua bado lipo. Mke wangu anatoka ndani anafuta mikono kwa taulo, anatabasamu.

"Mmefika! Wateja wangu wameahirisha, nimewahi kurudi. Mama yuko wapi?"

Nikageuka kumfungulia mlango.

Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Mkoba ulikuwepo, umelala kwa ubavu. Mkanda ulikuwa umefunguliwa. Mtu hakuwepo.

"Mama yuko wapi?" mke wangu akauliza tena, bado na tabasamu, akidhani ni utani wetu.

"Yuko…" nikaanza. Nikatafuta neno la kumalizia. Sikulipata.

"Yuko wapi, Mwalimu?"

Ananiita "mwenzangu" tukiwa na amani. "Mwalimu" ni la hasira. Siku hiyo nililisikia likiwa na kitu kingine ndani yake, na hicho kitu kilikuwa hofu.

"Sijui," nikasema.

"Hujui vipi? Hukuondoka naye?"

"Niliondoka naye."

"Umemshusha wapi?"

"Sijui."

Akachukua simu akampigia mama yake. Simu ikalia. Ililia hapo hapo, ndani ya mkoba, kwenye kiti cha nyuma.

Akaiacha ilie. Tukaisikiliza wote wawili mpaka ikanyamaza.

Akampigia kaka yake. Nilimsikia shemeji, muziki ukipiga nyuma yake, akisema tuliondoka zamani, tulipaswa kuwa tumefika zamani, mama alikaa nyuma, kila kitu kilikuwa sawa. Mke wangu akakata bila kuaga. Akaanza kulizunguka gari.

Akafika mbele, akasimama.

"Njoo uone."

Taa moja ilikuwa imepasuka. Bampa limeingia ndani, na juu yake kuna rangi nyeupe iliyokwaruzwa, kama chokaa. Na pembeni ya rangi kulikuwa na uteute wa njano, umeanza kukauka.

Nikaugusa kwa kidole, ukanata.

Nikafungua mlango wa abiria, sijui natafuta nini. Chini, pale kwenye breki ya pili, kulikuwa na kiatu. Kiatu cha mama mkwe, kile cheusi cha kamba, kimebanwa chini ya pedali.

Nilikitazama muda mrefu kabla akili yangu nzito haijaelewa. Mama yule, na magoti yake mabovu, alifungua mkanda, akapita katikati ya viti, akajitupa mbele. Alinikuta sipo. Akatafuta kile cha kukanyaga.

Alifunga breki yeye.

"Umekunywa?" Mke wangu alikuwa amenisogelea, ananinusa.

"Mbili tu."

"Mbili hazikufanyi usahau mama yangu!"

"Nilimeza na dawa."

"Dawa gani?"

Nikamwambia. Nikamwambia na yale ya mfamasia, yote, mpaka lile la kutembea macho wazi na mwenyewe hayupo. Nilidhani atanipiga. Alininyooshea kiganja tu.

"Ufunguo."

Nikampa. Hakuniangalia usoni alipoupokea.

Jirani yetu ni fundi makanika, mtaa mzima unamwita Spana. Mke wangu alimgongea akatoka na mkate mdomoni, na kwa kumwona tu sura hakuuliza swali. Akawasha pikapu yake. Tukabanana watatu mbele, mke wangu katikati, na tukairudia njia niliyopita bila kuiona.

"Fungua dirisha upigwe na upepo," Spana akaniambia. "Usilale. Ongea chochote."

Nikafungua. Mke wangu alikuwa anachungulia kila mtaro, kila kichaka, kila kundi la watu. Kila alipokuwa akivuta pumzi ghafla, nilitoa kichwa dirishani. Mara ni gunia. Mara ni mtu anafunga kamba za viatu.

Tulipomaliza mteremko, kwenye kona yenye safu ya vibanda, Spana akapunguza mwendo.

Kingo za barabara hapo zimewekewa nguzo fupi za zege, zimepakwa rangi nyeupe. Moja ilikuwa imelala chini.

Pembeni yake kulikuwa na baiskeli, gurudumu la mbele limekunjwa mara mbili kama chapati. Trei za mayai zimetapakaa. Njano ilikuwa imetapakaa mpaka katikati ya lami, na magari yalikuwa yanapita juu yake.

"Mungu wangu," mke wangu akasema.

Mama mmoja mwenye kibanda cha viatu alikuwa anafagia maganda. Mke wangu akamwendea mbio.

"Dada, samahani, umemwona mama mmoja mtu mzima, gauni la bluu?"

"Mwenye kiatu kimoja?"

"Ndiye! Mzima?"

"Mzima, ndiyo. Yule ni mtu, dada! Gari limemgonga muuza mayai, likala nguzo, likasimama. Sisi tumeganda hapa tunapiga kelele. Yeye katoka mle garini anachechemea, kavua mtandio wake, kamfunga yule kaka mguu, damu ikapungua. Anatuamrisha sisi: wewe shika hapa, wewe simamisha gari."

"Na dereva?"

Mama wa viatu akasimamisha ufagio.

"Dereva? Bibi wa watu kainama anamfunga majeruhi, gari likarudi nyuma, likaondoka. Hivi hivi! Bibi akainuka anakimbilia na kiatu chake kimoja, anaita, 'Baba! Baba!' Wapi. Likaenda."

Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwake.

"Ulimwona sura?" Spana akauliza, sauti kavu.

"Vumbi lote lile? Niliona bango jekundu juu ya paa, lile la shule ya udereva. Lakini nikikutana naye…" Akanigeukia, akaniona ninavyotetemeka. "Pole, kaka. Ni ndugu yenu yule bibi?"

"Ni mama mkwe wangu," nikasema.

"Pole sana," akaniambia. Akanipa kigoda nikae.

Sikuweza kukaa kwenye kigoda kile. Mke wangu akauliza majeruhi kapelekwa wapi, akaambiwa hospitali, na bibi kapanda naye gari lililompeleka, hakutaka kumwacha.

Njiani mke wangu hakulia. Aliangalia mbele tu. Tulipokaribia geti la hospitali ndipo akasema, taratibu, kama anaongea na kioo:

"Alikuwa anakuita, ukaondoka."

"Sikumsikia. Naapa, sikuwepo."

"Kama hukuwepo, nani alikuwa anaendesha?"

Spana akaiingiza pikapu getini.

Mama mkwe alikuwa kwenye benchi la ukutani, nje ya chumba cha upasuaji, na juu ya mlango inawaka taa nyekundu ya kuonyesha upasuaji unaendelea. Mguu mmoja una kiatu, mwingine mtupu, umevimba kwenye kifundo. Gauni lina damu isiyo yake. Kando yake alikaa mwanamke kijana, mjamzito, anatazama mlango ule bila kupepesa. Mama mkwe alikuwa amemshika mkono.

"Mama!"

Mke wangu alipiga magoti mbele yake akamkumbatia miguu. Ndipo akalia. Mama mkwe akampapasa kichwa kwa mkono ule mwingine.

"Mimi mzima, mwanangu. Nyamaza. Huyu mwenzetu ndiye wa kupewa pole. Mumewe yuko mle ndani."

Mke wa muuza mayai akanong'ona, "Bila mama huyu ningeshakuwa mjane. Wameniambia kila kitu."

Mama mkwe akainua macho akaniona. Niliyaogopa macho yale kuliko ya askari. Nilitegemea dharau, nilitegemea kilio. Aliniangalia kama mtu anayepima mzigo kabla hajaubeba.

"Umefika, baba," akasema. "Vizuri. Nilijua utaenda kumleta mwanangu."

Sikuelewa. Nilitaka kumwambia sikwenda kumleta mtu, nilikimbia, mwili wangu ulikimbia bila mimi. Lakini askari wa usalama barabarani alikuwa anakuja kutoka upande wa mapokezi, na muuguzi nyuma yake kashika trei yenye sindano.

"Gari la shule ya udereva," askari akasema. "Nimeambiwa mlikuwamo wawili. Nani alikuwa kwenye usukani?"

Ulimi wangu ulikuwa mzito kama kiatu kilicholowa. Nikaufungua mdomo.

"Mimi," sauti ikasema.

Haikuwa yangu.

"Wewe, mama?" Askari akamtazama toka kichwani mpaka kwenye mguu mtupu.

"Mimi. Mkwe wangu ni mwalimu, alikuwa ananifundisha. Uzee nao una tamaa zake. Nikachanganya mafuta na breki, akaifunga yeye ile breki yake ya pili, ndiyo maana huyu kijana yu hai. Nikashuka kumsaidia, nikamwambia mkwe wangu, wewe wahi nyumbani kamlete binti yangu."

"Mama…" mke wangu akanong'ona.

"Wewe nyamaza. Una nyumba ya kulea."

Askari hakuonekana kuridhika. "Watu wa pale wanasema gari lilikimbia, wewe ukawa unaliita."

"Nilikuwa namkumbusha aje na mkoba wangu, una dawa zangu za macho."

Muuguzi alikuwa ananiangalia mimi. "Na wewe baba, mbona unayumba?"

"Mgongo," nikasema.

"Dereva lazima apimwe damu," askari akasema. "Pombe na dawa. Huyu kijana asipoamka, kesi hii itabadilika jina. Mama, umenielewa? Asipoamka, aliyekuwa kwenye usukani atajibu kwa roho ya mtu."

"Nimeelewa," mama mkwe akajibu. "Sinywi, sijawahi kunywa. Nipimeni."

Akakunja mkono wa gauni lake. Mkono ule ulikuwa mwembamba, na mishipa yake ilionekana tangu mbali.

Muuguzi akafunga mpira juu ya kiwiko.

"Subiri," askari akasema. Akanigeukia mimi, kalamu mkononi. "Wewe ndiye mwalimu. Sema. Anavyosema huyu mama ni kweli?"

Mke wangu alinishika kiwiko. Kucha zake ziliingia nyamani, na nisiwadanganye, sikujua ananisukuma niseme au ananizuia. Mama mkwe hakunitazama. Alitazama sindano.

Niliwafikiria watoto wangu pacha walioko shule ya bweni. Nikamfikiria mtu aliye nyuma ya mlango ule, ambaye simjui hata sura ingawa nimemgonga. Nikataka kusema kweli. Nawaapia nilitaka, neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Ndiyo, afande," nikasema. "Ni kweli."

Sindano ikaingia kwenye mkono wa mama mkwe wangu.

Na mke wa muuza mayai, aliyekuwa bado ameushika ule mkono mwingine, akautazama kama kitu asichokijua. Akauachia. Akasogea mpaka mwisho wa benchi, mikono yote miwili juu ya tumbo lake, na taa nyekundu juu ya mlango wa chumba cha upasuaji ikazimika.